Kemia ya Kidato cha Tano na Macho ya Zefania

Mwalimu Haika, uliyechukua vipindi vyangu, siku ya kuniaga uliniuliza kitu kimoja tu: "Madamu, kemia ya kidato cha tano na sita ikoje hasa?" Nilikuwa na sahani ya pilau mkononi, miguu imevimba kwa kusimama, nikakuambia nitakuandikia. Nilidhani utasahau. Hukusahau; juzi umepiga simu tena. Basi haya hapa, yako na ya wenzako watakaokuja nyuma yako. Nimeyaandika nikiwa nimekaa kitini, jambo ambalo mwalimu wa maabara halipati mara nyingi.

Habari za vyeo sitaziandika. Nilipofanywa mkuu wa idara, kilichoongezeka ni funguo.

Nilifika pale shuleni nikitoka chuo, binti wa mlimani aliyezoea ukungu na migomba, nikatupwa bondeni upande wa Same ambako upepo hauchoki. Wiki ya kwanza nilitaka kurudi nyumbani kwa sababu ya vumbi peke yake. Lilikuwa kwenye chaki, kwenye uji, kwenye mizani ya maabara. Aliyenipokea ni Mwalimu Mchome, mzee mwembamba ambaye koti lake la maabara lilikuwa limetobolewa na asidi mpaka likafanana na wavu. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alifungua mlango wa stoo ya kemikali, akasimama pembeni.

"Nusa," akasema.

"Ninuse nini, Mwalimu?"

"Chumba. Kila asubuhi kabla hujawasha kitu, nusa chumba. Siku kikinuka tofauti na jana, toa watoto nje kwanza, ndipo utafute sababu."

Hilo ndilo somo langu la kwanza la ualimu, na hakuna aliyenifundisha chuoni. Haika, ukisahau mengine yote niliyoandika, hilo usilisahau. Mimi mafua yakinishika nilikuwa namwita mwalimu wa baiolojia aje aninusie.

Sasa wanafunzi. Watoto wa kidato cha tano huja na mabega juu. Kila mmoja alikuwa wa kwanza kule alikotoka, awe ametoka Mwanga, Ugweno au Gonja, na kila mmoja ameambiwa kanisani mbele ya watu kwamba atakuwa daktari. Unawapa jaribio la kwanza, na karibu wote wanaanguka. Usishtuke, wala usifikiri umefundisha vibaya. Kidato cha nne walifaulu kwa kukumbuka. Hapa wanaulizwa kwa nini, na wengi hawajawahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote.

Kuna kipindi ambacho hutakikwepa, cha muundo wa atomu. Unawaambia kwamba ile michoro ya elektroni zinazozunguka kama sayari, waliyoichora kwa bikari tangu kidato cha kwanza, haiko hivyo. Mwaka wangu wa kwanza msichana mmoja wa mbele alifunga daftari kabisa.

"Kwa hiyo, Madamu, miaka yote hiyo mlikuwa mnatudanganya?"

"Tulikuwa tunawapunguzia," nikamjibu.

"Na hii ya leo ndiyo kweli?"

Nikamwambia hata hii imepunguzwa. Darasa zima likaguna. Mchome, aliyekuwa amekaa nyuma kunisikiliza, alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaondoka. Hakurudi tena kunikagua.

Baada ya hapo wanakuja kugawanyika, na utawaona wanavyogawanyika. Wanaoogopa hesabu watalia kwenye moli, kwenye nishati na kwenye msawazo wa mmenyuko. Wanaotegemea kukariri watalia kwenye kemia ya kaboni, kwa sababu michanganyiko ile haina mwisho, na anayeshika njia moja moja bila kuelewa anazama kabla ya Krismasi. Mwezi wa pili au wa tatu mmoja atakuja ofisini kuomba ahamishiwe historia. Usimwambie kemia ni rahisi. Mimi nilikuwa nawaambia ni ngumu, na kwamba mimi mwenyewe bado inanichosha, na wengi walirudi darasani wakiwa na amani zaidi.

Lugha nayo. Mtihani ni Kiingereza, lakini mtoto anaelewa kwa Kiswahili. Nilisoma swali kwa Kiingereza, nikafafanua kwa Kiswahili, na ilipobidi kabisa nikatupia Chasu, lugha yetu ya Upare, kwa wale wenzangu wa milimani. Mkaguzi akiingia tunarudi kwenye Kiingereza sote kwa pamoja kama kwaya.

Kuhusu maji, sikiliza vizuri, maana hili litakupata. Mwaka wangu wa kwanza niliwapa darasa chumvi isiyojulikana waichunguze. Darasa zima likaja na jibu moja: ina kloridi. Haikuwa na kloridi. Niliipima mwenyewe kutoka kwenye chupa. Nikarudia, wakaja na jibu lile lile. Nilikwenda kwa Mchome nikiwa karibu kulia.

"Umewapa maji gani ya kuyeyushia?"

"Ya bomba."

"Basi hawajapima chumvi yako. Wamepima kisima."

Maji yetu ya bondeni yana chumvi, mwenyewe umeshaonja chai ya pale. Ukidondoshea nitrati ya fedha, ile ya kutafutia kloridi, yanageuka meupe kama maziwa, hata kama hujaweka kitu. Tulikuwa tunatumia maji ya betri kutoka gereji za mjini, na hapo pia uwe macho: kuna fundi ambaye kwake maji ya betri ni yale safi, na kuna fundi ambaye kwake ni asidi. Siku moja tuliletewa dumu la asidi. Nashukuru niliweka tone kwenye karatasi ya litmasi kabla ya kuligawa. Tangu siku hiyo, likizo za mvua nilikuwa nakinga maji kwenye mabeseni uwanjani kwetu mlimani, mbali na bati, nikayachuja na kuteremka nayo. Majirani walinionea huruma. Mtu aliyesoma, wakasema, anabeba mvua kuipeleka Same.

Mchome alistaafu, akaniachia koti lake, ambalo sikulivaa, na desturi ya kunusa, ambayo niliishika. Madarasa yakakua. Mazoezi ya maabara yakawa ya zamu tatu, asubuhi mpaka jioni, na mimi ndiye mwalimu, mwoshaji vyombo na mtoa huduma ya kwanza. Miaka hiyo ndipo alipokuja Zefania, na kisa chake nitakieleza kwa kirefu kwa sababu ndicho kilichonichosha kuliko vyote.

Zefania alitoka kijiji cha Kisiwani, mtoto wa mama mjane mkulima. Kijana mrefu, mpole, anayejibu baada ya kufikiri. Kwenye nadharia hakuwa na mpinzani. Alikuwa anasahihisha makosa ya kitabu kwa penseli, kwa adabu, pembeni. Lakini ukimwingiza maabara anakuwa mtu mwingine. Kwenye taitresheni, pale unapodondosha asidi kutoka kwenye bureti tone kwa tone mpaka besi iliyo chini ibadilike rangi, majibu yake yalikuwa yanarukaruka. Leo anapitiliza sana, kesho anaacha kabla ya wakati. Kisha anakaa na namba hizo mbovu na kuzifanyia hesabu isiyo na doa.

Kwenye jaribio la mwisho wa muhula alikamatwa akinakili namba za bureti za jirani yake. Aliyemkamata ni Mwalimu Senkoro, mwalimu wa taaluma, mtu mkali na mwenye haki kwa namna yake. Yeye aliunganisha mambo haraka: kama ananakili huku, basi na zile alama za juu za nadharia amenakili. Akataka afukuzwe, au kwa huruma atolewe kwenye masomo ya sayansi. Mama yake akaitwa kutoka Kisiwani.

Usiku wa kuamkia kikao nilijua tu kwamba mtu anayesahihisha kitabu hana haja ya kunakili. Asubuhi nilimwomba mkuu wa shule tukae maabara badala ya ofisini. Nikamwekea Zefania bureti ya asidi, chupa ya besi na matone ya methili oranji, ambayo kwenye besi ni ya njano na asidi ikizidi inageuka kuwa nyekundu ya waridi.

"Fanya," nikamwambia. "Ukiona imebadilika, funga."

Akaanza vizuri. Mkono wake ulikuwa mtulivu, anazungusha chupa kama inavyotakiwa. Njano ikafifia, ikawa ya machungwa, ikawa waridi iliyokolea. Zefania aliendelea kudondosha.

"Zefania," nikasema, "imebadilika?"

"Bado, Madamu."

Senkoro akasogea mezani, akaangalia chupa, kisha akamwangalia yule kijana. "Unatufanyia mchezo?"

"Hapana, Mwalimu. Bado iko vile vile."

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, hajaketi tangu afike. Alikuja taratibu, akatazama chupa ile ya waridi, akashika mdomo.

"Kama baba," akasema.

"Baba yake, mama?" akauliza mkuu wa shule.

"Baba yangu mimi. Marehemu. Alikuwa anaona ng'ombe aliyepotea ng'ambo ya pori, wakati sisi hatuoni kitu. Lakini nyanya hakuwahi kuchuma peke yake. Alituita watoto tumwonyeshe zilizoiva. Tulidhani anatuchezea tu. Siku akichuma mwenyewe, kapu linajaa mbichi na mbivu, mama anagomba kutwa nzima."

Zefania alikuwa anasoma baiolojia pia. Nilimwona akiinua kichwa polepole. Mchoro ule wa urithi alikuwa ameuchora mara nyingi ubaoni: babu asiyetofautisha nyekundu na kijani, binti yake anayeona vizuri, na mtoto wa kiume wa yule binti.

"Madamu," akasema kwa sauti ndogo, "ule mfano wa kitabuni ni mimi."

Nje upepo ulikuwa unapiga madirisha kama kawaida yake. Mwisho Senkoro akakohoa. "Kunakili ni kunakili," akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka. Mkuu wa shule akakubaliana naye: Zefania afagie maabara muhula mzima. Na abaki sayansi. Mama yake alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwalimu, kwa hiyo si mjinga wala si mwizi?" Nikamwambia si mjinga, na kuhusu wizi tumeshamalizana.

Nilipomwuliza kwa nini hakusema, alinishangaa. Angesemaje? Tangu utoto wake kila mtu husema majani ni ya kijani na damu ni nyekundu, naye akasema hivyo hivyo, na akawa sahihi. Alidhani wenzake maabara wana uangalifu ambao yeye hana. Alikuwa amejiona mzembe kwa muda mrefu sana.

Jumamosi zote zilizobaki zilikuwa zetu. Yeye anafagia, kisha tunafanya kazi. Tulijaribu mwanga wa dirishani badala ya taa, tukaweka kigae cheupe chini ya chupa. Tukaandaa chupa mbili za kulinganishia, moja ambayo haijafika na moja iliyopitiliza, akawa anaweka yake katikati. "Hii naiona imekuwa nzito kidogo," alisema. Hakusema imekuwa nyekundu, alisema nzito. Nikaanza kujifunza lugha yake. Siku moja, katika kuhangaika, aliokota kipande cha chupa ya soda ya kijani, tukakisaga ncha zake, akachungulia kupitia hicho. Akaruka.

"Madamu, imekuwa nyeusi! Ghafla!"

Nikachungulia na mimi. Kweli. Kupitia kioo cha kijani, njano inabaki na mwanga, lakini wekundu ukiingia kunakuwa giza. Alirudia kazi ile mara nyingi, na kila jibu likakaa karibu na mwenzake. Nilikwenda kukaa kwenye stuli ya nyuma. Niliogopa angeniona machozi, akadhani amekosea.

Mwanzoni mwa mwaka wa mtihani tuliomba aruhusiwe kuingia na kile kioo kwenye mtihani wa taifa wa vitendo. Ombi lilikwenda juu, na mtihani ukafika kabla ya jibu. Msimamizi aliyeletwa kutoka shule nyingine alikuwa mwanamke kijana, mwoga wa kukosea, na simlaumu. Alikigeuza kile kioo mkononi.

"Hakimo kwenye vifaa vilivyoruhusiwa," akasema.

"Anaumwa macho, Mwalimu."

"Madamu, nakuelewa. Lakini wakiniuliza nitajibu nini?"

Kama mwalimu wa somo sikuruhusiwa kuwa ndani. Nilisimama uwanjani chini ya jua, mgongo kwa madirisha. Zefania alitoka mwisho, mashati yote ya wenzake yameshaondoka uwanjani. Nikamwuliza ilikuwaje.

"Nilitengeneza chupa za kulinganisha, Madamu, lakini zilinila muda. Kwenye chumvi nilikuta mashapo yenye rangi. Sikujua ni rangi gani. Nikaandika nilichokiona: mashapo meusimeusi. Sikutaka kubahatisha."

Matokeo yalipotoka, fizikia na baiolojia alikuwa na A. Kemia C. Haikutosha udaktari wa watu kwa ushindani wa mwaka ule. Alikuja kuniaga, akasema asante, akasema amepata nafasi ya kusomea tiba ya mifugo. Alikuwa mtulivu kuliko mimi. Alipoondoka nilipanda nyumbani mlimani, nikalala kutwa nzima na viatu vyangu. Nilichoka kwa namna ambayo likizo haikuondoa, na tangu pale sijawahi kuwa na nguvu zile za zamani. Watu husema mwalimu hufurahia matunda ya kazi yake. Kuna miaka anafurahia. Mwaka ule nilihisi nimesukuma jiwe mpaka karibu na kilele, likasimama hapo, si juu wala si chini.

Lakini nilibadili kitu kimoja, na hiki ndicho nataka ukichukue. Siku ya kwanza ya kidato cha tano, kabla ya atomu, kabla ya moli, niliwapanga mezani chupa za methili oranji, za njano na za waridi, nikawaambia kila mmoja aje azitenge kimya kimya, peke yake, mimi na yeye. Miaka mingine hakuna. Miaka mingine yupo mmoja, daima mvulana, anayesimama pale akitokwa na jasho. Unamshika bega, unamwambia tatizo hilo lina jina, na kwamba tunaanza kuomba ruhusa leo, si mwaka wa mtihani. Wawili walipata ruhusa. Haichukui hata kipindi kizima.

Mengine utayajua mwenyewe. Macho yatakuwasha kwa amonia. Vyombo vitavunjika, na atakayevunja ni yule mwangalifu. Utasahihisha mpaka herufi zicheze. Utapoteza majina ya wanafunzi na kukumbuka mwandiko wao.

Sasa niko nyumbani mlimani. Nina ng'ombe mmoja wa maziwa bandani, ananichosha kidogo kuliko kidato cha tano. Mwezi uliopita aliacha kula, titi moja likawa la moto. Nikampigia simu daktari wa mifugo wa eneo letu. Aliyepanda na pikipiki yake, kofia ya chuma mkononi, alikuwa Zefania. Nywele zimeanza kupungua. Nilikuwa nimesikia amehamishiwa upande wetu, lakini sikumtegemea mlangoni kwangu.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea."

"Nipo, Madamu. Ng'ombe wengi."

Hakupoteza muda. Alinawa mikono, akachuchumaa, akamwongelesha ng'ombe kwa Chasu kwa sauti ya chini, akakamua michirizi michache kwenye kikombe cheusi. Akakiinamisha kwenye mwanga, akakitazama sana. Kisha akaninyooshea.

"Mabonge nayaona mwenyewe," akasema. "Lakini damu siioni kwenye maziwa, unajua. Kila ninakokwenda mwenye ng'ombe ndiye ananiambia. Wengine wanadhani nawafundisha." Akatabasamu. "Angalia, Madamu. Ni meupe tupu, au yana wekundu?"

Niliingia ndani kutafuta miwani. Nikarudi, nikakipokea kikombe kwa mikono miwili, nikakigeuza kwenye jua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu sikutaka kumwambia kitu ambacho sikukiona.

"Yana wekundu," nikamwambia. "Kidogo, pembeni."

"Basi," akasema, akifungua mkoba wake, "tuanze."